Mariakani Kuna Mizani, Ofisi ya Watoto Haina

Mkalimani wa mahakama hasemi, "Mtoto anasema alishikwa mkono." Husema, "Nilishikwa mkono." Ndiyo kanuni ya kazi: shahidi akisema mimi, nawe sema mimi. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikiitwa mara kwa mara kufasiri Kiduruma na Kigiriama katika kesi za watoto hapa Mombasa, na katika miaka hiyo nimetamka kwa kinywa changu, kwa nafsi ya kwanza, mambo ambayo hayakunipata mimi. Mtoto wa miaka tisa huyasema kwa kunong'ona, nami nayarudia kwa sauti ya kusikika, hakimu akiandika. Kisha wakili wa mshtakiwa huuliza swali lile lile kwa kupitia mlango mwingine, nami nayatamka tena.

Hakuna aliyenigusa. Lakini ulipoingia mwaka wa pili nilianza kuamka saa tisa za usiku ngumi zimekunjana, na sentensi zilizokuwa zikinijia gizani zote zilianza na "ni-".

Sianzi na habari yangu kwa kuwa ni nzito kuliko za wengine. Ni nyepesi. Mimi nilikuwa nikiitwa, nalipwa, nakwenda zangu. Afisa wa watoto aliyekaa kwenye benchi nyuma yangu ndiye aliyemtoa mtoto yule nyumbani. Ndiye aliyempeleka Hospitali Kuu ya Pwani, akasimama mlangoni daktari akimpima, akafuatilia fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, mpaka ikajazwa, akamtafutia pa kulala usiku huo, akaandika ripoti ya mahakama. Na kesi ikiahirishwa kwa mara ya nne, ni yeye atakayempigia mama simu kumwambia. Huyo alikuwa na mafaili mengine yanamngoja mezani. Nataka kuandika juu yake na wenziwe: mamatroni wa makao ya watoto, polisi wa dawati la jinsia, wauguzi, wajitoleaji wa mitaani wanaogongewa mlango usiku kwa sababu jirani amesikia kilio.

Wataalamu wa saikolojia wanalo jina la hali hii, jina refu la Kiingereza. Kwa Kiswahili hatujakubaliana. Nimesikia watu wakisema "uchovu wa huruma", jina nisilolipenda, kwa sababu wale niliowaona hawakuchoka kuhurumia. Walihurumia mpaka mwisho, na hilo ndilo lililowaumiza. Hapa nitaiita kiwewe cha kupokezwa. Kupokezwa kama mtu anavyopokezwa ndoo: mwenye nayo anaitua, wewe unajitwika, na maji ni yale yale.

Ni kitu tofauti na kuchoshwa na kazi. Karani wa forodha pale Kilindini anaweza kuchoshwa na kazi mpaka akaichukia, na likizo ya mwezi mmoja ikamrudisha mzima. Aliyepokezwa kiwewe huenda likizo nacho. Dalili zake ni zile zile za mtu aliyefikwa na balaa lenyewe: picha na sauti hurudi bila kuitwa, mtu huyakimbia yote yanayomkumbusha, na mwili hukesha kama mlinzi ambaye hakupokewa zamu. Mwaka 2013, Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kilipotoa toleo la 5 la mwongozo wake, kilikubali kwa maandishi kwamba mtu anaweza kupata maradhi kamili ya kiwewe kwa kukabiliwa kazini, mara kwa mara, na undani wa mambo yaliyowapata wengine. Mmoja katika mifano kiliyoitoa ni ya polisi wanaosikia tena na tena habari za watoto walioteswa. Kabla ya hapo, mwaka 2007, mtafiti Brian Bride alichapisha uchunguzi wa maafisa wa ustawi wa jamii katika jimbo moja la kusini mwa Marekani. Asilimia 70.2 walikuwa wamepata angalau dalili moja katika wiki iliyotangulia. Asilimia 15.2 walifikia kiwango cha maradhi yenyewe, yaani karibu mmoja katika kila saba.

Katika dalili hizo, ya kukwepa ndiyo inayonitisha, kwa sababu haina sura ya ugonjwa. Ina sura ya uzembe. Ofisini huwa hivi: faili la mtoto aliyenajisiwa na baba wa kambo linashuka chini ya rundo, siku hata siku, bila mtu kuamua lishuke. Simu ya mama inaita mpaka inakatika. Ziara ya kwenda Mikindani inahamishwa kutoka Jumanne hadi Alhamisi, na kutoka Alhamisi hadi wiki ijayo. Mtoto akiletwa kueleza, afisa hukodolea fomu badala ya kumtazama usoni. Anauliza tarehe, anauliza saa, anauliza jina la shule, na pale mtoto anapolikaribia jambo lenyewe anageuza ukurasa. Nimeliona hili nikiwa nimekaa kiti cha pili. Mtoto hutambua upesi sana kwamba mtu mzima aliye mbele yake hataki kusikia, na akishatambua hunyamaza. Kesi nyingine hufia hapo, hakimu hata hajaliona jalada.

Mtaani tunasema kesi imeuzwa. Pengine imeuzwa kweli. Rushwa ipo na siitetei kwa neno hata moja. Lakini faili lililouzwa, na faili ambalo mwenye nalo hawezi tena kulifungua, yanafanana mno ukiyatazama kutoka kwenye benchi la wageni. Dawa zake ndizo hazifanani. Mla rushwa ashtakiwe. Huyu wa pili ukimkaripia, ukamhamisha, ukaleta kijana mwingine ametoka chuoni juzi ukamtwika rundo lile lile, baada ya miaka miwili utakuwa na wa pili mfano wake, na watoto wa rundo lile watakuwa wamebadilishiwa mtu wa kumwamini mara mbili.

Kuna pia dalili ya macho yasiyofumba. Mwanamke mmoja niliyefanya kazi karibu naye, afisa aliyepita miaka kumi katika kazi hii, hakumruhusu bintiye kulala kwa mjombake hata usiku mmoja wa sikukuu. Mjomba mwenyewe hana doa. Bibi mtu alilia, ndugu wakasema mtoto analelewa kwa kiburi cha wasomi. Nilipomuuliza aliniambia, "Dadangu, mimi nimewaona wajomba," akaendelea kumenya embe lake. Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu hakusema uongo. Uchunguzi wa kitaifa wa 2019 juu ya ukatili dhidi ya watoto Kenya ulikuta kwamba asilimia 15.6 ya wanawake vijana, na asilimia 6.4 ya wanaume vijana, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wajomba hao wapo. Lakini ofisini kwake hakuwahi kuingia mjomba mwema. Mjomba mwema hana sababu ya kwenda ofisi ya watoto. Miaka kumi ya kukutana na wabaya peke yao ilimpotezea uwezo wa kumwona mwema hata akiwa amesimama mbele yake na zawadi ya Idi mkononi. Hasara hiyo haimo katika hati ya mshahara wala katika ripoti yoyote ya idara, na aliyeilipa ni msichana wa miaka kumi na moja ambaye hajui kwa nini binamu zake wanalala pamoja na yeye anarudishwa nyumbani.

Maandishi mengi ya taaluma hii yametoka kwa watu ambao afisa wao, ikifika jioni, huingia garini akaenda kuishi mtaa mwingine kabisa. Mombasa hakuna mtaa mwingine. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti hii, idadi kubwa kwenye karatasi. Jaribu kuishi hapa baada ya kumtoa mtoto katika nyumba ya watu. Bibi yake utakutana naye Kongowea kwenye mafungu ya nyanya. Utapanda feri kwenda Likoni, na mshtakiwa aliye nje kwa dhamana amesimama hatua tatu kutoka ulipo, mikono kwenye chuma, anakutazama mpaka ng'ambo. Utaalikwa harusi Majengo, ukae mkeka mmoja na shangazi wa mtu uliyemtolea ushahidi. Watu watakuuliza mbona umemharibia mwenzio maisha, nawe huna la kusema, kwa sababu habari za mtoto sheria imekufunga mdomo usizitoe. Wanaokulaumu hawajui unachokijua na hutakiwi kuwajulisha. Sijaona utafiti uliopima uzito wa jambo hili moja, la kukutana na kesi zako sokoni, na ningependa vyuo vyetu vya Pwani viupime, kwa sababu naamini hapa ndipo hali yetu inapoachana na ya wale waliochunguzwa Marekani.

Juu ya kufungwa mdomo na sheria, kuna sitara. Mimi ni mtu wa hapa na sitara naiheshimu. Imewakinga wanyonge wengi na ndimi za watu. Katika kesi za watoto, hata hivyo, nimeiona ikimfunika mwenye nguvu. Wazee wanakaa, familia mbili zinamalizana, fidia inatajwa, mtoto anapelekwa kwa bibi yake Kaloleni au Kinango, mlango unafungwa. Anayebaki nje ya mlango na siri yote ni afisa aliyefika mara moja kabla haujafungwa. Ameuona mwili wa mtoto. Hana mlalamikaji, hana shahidi, hana kesi, na hana mtu wa kumweleza. Wengi hudhani kesi inayoumiza ni ile iliyofika mahakamani. Kwa nilivyoona, iliyokatizwa njiani huumiza zaidi, kwa sababu haina siku ya hukumu ambayo mtu anaweza kuihesabu kuwa ndiyo mwisho wake.

Na lipo neno thawabu. Ukilalamika kidogo utaambiwa kazi hii ni ya thawabu, malipo yako yako kwa Mwenyezi Mungu. Makanisani huitwa wito. Wanaosema hivyo wana nia njema na pengine wanasema kweli. Lakini nimeona neno hili likitumiwa kumziba mtu mdomo: ukishaambiwa kazi yako ni ibada, utasemaje kwamba ibada imekuumiza? Matroni mmoja wa makao ya watoto alijificha chooni kulia kwa miezi, kwa sababu aliamini machozi yake yanampunguzia ujira wa akhera. Wahenga wa mwambao walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walikuwa wanamsema mtazamaji, yule asiyebeba, anayeona gunia juu ya bega la mwingine akadhani limejaa pamba.

Aprili 2023 ikaja Shakahola. Msitu ule uko Kilifi, lakini msiba ulikuwa wa Pwani nzima. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, na Februari 2024 Paul Mackenzie, mhubiri anayedaiwa kuwaambia wafuasi wake wafunge mpaka wafe, alishtakiwa pamoja na wenzake kwa mauaji ya watoto 191. Wakati ule kila mtu alielewa, bila kusomewa kitabu, kwamba waliofukua makaburi yale na waliowapokea watoto waliosalia hawawezi kurudi nyumbani wakala chakula cha usiku kama kawaida. Redioni watu walipiga simu kuwaombea. Hata waliokuwa mbali waliona. Ilikuwa rahisi kuona kwa sababu mambo yalikuja kwa wingi, kwa pamoja, mahali pamoja penye jina. Aliyepokea mtoto mmoja mmoja, Changamwe, Jomvu, Kisauni, kwa miaka kumi, hana msitu wa kuwaonyesha watu.

Basi afanyiwe nini? Jibu tulilozoea ni nasaha: pumzika, fanya mazoezi, ongea na unayemwamini, sali. Sina ugomvi na yoyote kati ya hayo. Mimi mwenyewe nilitembea ufukweni Mama Ngina kila alfajiri mwaka mzima na bahari ilinisaidia kupumua. Lakini mwaka 2006 watafiti wawili wa Kanada, Ted Bober na Cheryl Regehr, walichapisha matokeo ya kuwachunguza watoa tiba ya nafsi 259. Waliwauliza kama wanaamini mapumziko na kujitunza vinasaidia, na wengi walisema ndiyo. Wakawauliza wanavitengea muda gani. Kisha wakapima kiwewe. Muda ambao mtu aliutumia kujitunza haukuwa na uhusiano na kiwango cha kiwewe chake. Kilichokuwa na uhusiano ni saa alizokaa kila wiki na watu waliofikwa na balaa.

Natamani kila mkuu wa ofisi asome sentensi hiyo ya mwisho mara mbili. Maana yake ni kwamba tumekuwa tukimwuliza afisa swali lisilo lake. Tunamwuliza umejitunzaje, na ilhali swali ni umetwikwa kiasi gani, na nani aliyekutwika. Wala semina ya siku moja hotelini haiondoi deni hilo. Mapitio ya tafiti kuhusu kikao kimoja cha mazungumzo baada ya tukio la kutisha yalishaonyesha kwamba kikao kimoja peke yake hakizuii kiwewe. Fedha za semina zipo kila mwaka wa bajeti, na cheti hutolewa. Afisa hurudi Jumatatu, rundo liko pale pale, limeongezeka mafaili matatu.

Sisi watu wa Mombasa tunaelewa mizigo kuliko mji wowote katika nchi hii. Lori likitoka bandarini kwenda bara litapimwa Mariakani. Hata la ekseli saba halivuki likizidi tani 56, na likizidi litateremshwa shehena pale pale, mwenye mali apende asipende. Hakuna anayemwambia dereva ajikaze, au kwamba kusafirisha unga wa watu ni thawabu. Sababu ya sheria hiyo ni barabara: lori lililozidi uzito huikata lami, na wanaolipa ni wote watakaopita baadaye. Hata hamali wa Marikiti, asiye na sheria wala mizani, hulipima gunia kwa kulitikisa, na likiwa zito humwambia mwenye nalo, "Bwana, hili la watu wawili." Afisa wa watoto hawezi kusema hivyo. Faili likishaingia ni lake.

Nimeisoma Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001. Ni sheria nzuri, pana, na imewapa maafisa wajibu mrefu: kuchunguza, kuokoa, kuandika ripoti, kusimamia malezi ya kambo, kuasili, migogoro ya matunzo, watoto wanaokinzana na sheria. Sikukuta humo kikomo cha mafaili ambayo mtu mmoja hapaswi kuyazidi. Chama cha Ustawi wa Watoto cha Marekani kilipendekeza zamani kwamba mchunguzi wa mateso asishike zaidi ya kesi 12 kwa mwezi. Sisemi tuige 12. Kesi zetu zimechanganyika: baba na mama wanaogombania ada ya shule si mzigo mmoja na mtoto aliyechomwa kwa pasi. Ndiyo maana kuhesabu idadi hakutoshi. Kinachohitajika ni uzito, na uzito hauwezi kujulikana mpaka mkuu wa ofisi akae na afisa wake, faili kwa faili, aulize katika haya ni yapi yenye damu, ni yapi umeyashika tangu mwaka juzi, ni lipi huwezi kulifungua. Swali hilo la tatu ndilo mizani yenyewe. Likiulizwa na mtu anayejua kazi, mara moja kwa wiki, kwa saa moja, bila kuandikwa kwenye daftari la nidhamu, faili lililokuwa chini ya rundo linapanda juu au linapewa mwingine.

Nitajibiwa kwamba maafisa ni wachache na fedha hazipo. Ni kweli ni wachache. Lakini uchache ndiyo sababu ya kupima, maana mwenye malori matano tu ndiye asiyeweza kumudu moja livunjike ekseli njiani. Pia kuna upungufu mwingine usiohitaji fedha. Hesabu ni mara ngapi mtoto aliyenajisiwa anasimulia. Kwa mwalimu au jirani. Kwa chifu. Kwa polisi wa zamu, kisha kwa polisi wa dawati la jinsia. Kwa muuguzi, kwa daktari, kwa afisa wa watoto, kwa kiongozi wa mashtaka, na mwisho mahakamani, kupitia kwa mtu kama mimi. Kila simulizi inamchana mtoto upya, na hilo watetezi wa watoto wamelisema kwa miaka mingi. Ambalo sijalisikia likisemwa ni kwamba kila simulizi ina msikilizaji, na kila msikilizaji anaondoka na ndoo. Tisa katika mfano wangu. Wangeketi watatu pamoja, mtoto akaeleza mara moja, maelezo yakahifadhiwa vizuri, mtoto angepona michomo minane na watu wazima sita wangebaki na nafasi vifuani mwao ya kumpokea mtoto wa kesho. Katika mambo yote niliyoyataja hili ndilo ningeanza nalo, kwa sababu halimlazimishi mtu kuchagua kati ya afya ya mfanyakazi na haki ya mtoto.

Kwa anayependa kusikia habari za sheria kabla hajasogea: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi ahakikishe usalama, afya na ustawi wa wote wanaofanya kazi mahali pake. Haikusema usalama wa vidole tu. Australia jambo hili limeshafika kileleni. Aprili 2022, Mahakama Kuu ya nchi hiyo, ambayo huko ndiyo ya juu kabisa, ilimpa haki wakili mmoja wa ofisi ya mashtaka ya jimbo la Victoria, aliyeugua baada ya miaka ya kushughulikia kesi za ukatili wa kingono, wengi wa waathiriwa wakiwa watoto, na akabaki na fidia ya dola 435,000 za Australia. Kilichoimaliza ofisi ile ni maandishi yake yenyewe. Ilikuwa na sera ya kuwakinga wafanyakazi na kiwewe cha kupokezwa, sera nzuri kabisa, ikakaa kabatini. Mwajiri aliyeandika kwamba anaijua hatari hakuweza kugeuka akasema hakuijua. Nalitaja hili kwa taasisi zetu, za serikali na za wafadhili, zinazopenda kuandika sera.

Na wajitoleaji wasisahauliwe, maana hao hata hati ya mshahara ya kuugulia hawana. Mwanamke wa mtaa wa Bangladesh kule Mikindani, au wa Mtongwe, aliyepewa fulana na kitambulisho akaambiwa awe macho ya mtaa, amepokea ndoo nyingi kuliko wengi wenye ofisi, na anaishi nyumba ya tatu kutoka kwa mshtakiwa. Akiacha, tunasema amechoka kujitolea.

Yule afisa wa wajomba bado yuko kazini. Mwaka jana alianza jambo na mwenzake mmoja wa ofisi, hakuna barua iliyowaagiza. Kila Alhamisi, kazi ikiisha, walikuwa wakikaa chini ya mkungu nje ya ofisi, kila mmoja na faili moja ambalo hakutaka kulifungua wiki ile. Wanabadilishana. Mmoja analisoma la mwenziwe kwa sauti ya chini, mwenye nalo anasikiliza, kisha wanakubaliana nani atapiga simu na nani atakwenda ziarani. Aliniambia kwamba katika miezi ile alilala. Bintiye alikwenda kwa mjombake usiku mmoja wa Idi, akarudi na hina mikononi.

Mwezi uliopita mwenzake alihamishiwa kaunti nyingine. Nilipita pale Alhamisi jioni nikamkuta chini ya mkungu peke yake, faili liko magotini, mikono juu yake. Nilikaa. Sheria hainiruhusu tena kulisoma, na yeye hakuniomba.